Tusiile mbegu tunayopaswa kuipanda

Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 ina jambo moja ambalo kila avukaye daraja au alalaye katika ghorofa ana haki ya kulifurahia. Kijana aliyehitimu shahada ya kwanza ya uhandisi hawi mhandisi mtaalamu siku anapolivua joho la mahafali. Husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, kisha hutakiwa kupata tajriba ya kazi isiyopungua miaka mitatu, ndipo Bodi ya Wahandisi iyafikirie maombi yake ya kupandishwa ngazi. Mantiki ya sheria hiyo haina utata: maisha ya watu hayawekwi mikononi mwa mtu ambaye bado anajifunza, hata kama mtu huyo alikuwa wa kwanza darasani.

Sasa, msomaji, mfuate kijana huyo huyo anaporudi chuoni kusomea uzamili. Yamkini hata mwaka haujaisha tangu mahafali yake. Muhula unapokaribia kuanza, huitwa katika ofisi ya mwenyekiti wa idara, akapewa ukurasa mmoja wenye orodha ya mada, na kuarifiwa kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi wako wanafunzi mia moja na zaidi wa mwaka wa pili watakaokuwa wakimsubiri. Hakuna atakayeketi naye kumwelekeza. Hakuna atakayeingia darasani kumsikiliza. Yeye ndiye atakayefundisha, atunge mtihani, asahihishe na kutoa alama. Yule ambaye sheria haijamwamini kuidhinisha mchoro wa daraja peke yake, chuo kimemwamini kuwafunza peke yake wale watakaokuja kuuidhinisha.

Mimi si mhandisi. Nimesomea isimu, na riziki yangu ni lugha. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi somo la stadi za mawasiliano, lile somo ambalo wengi wao huliona kama mgeni asiyealikwa katika ratiba yao. Nimesoma insha zao na ripoti zao za maabara. Nimewasikiliza wakisimulia ni somo gani wamelielewa, ni lipi limewashinda, na ni nani aliyewafundisha. Nimefahamiana pia na vijana wa uzamili na uzamifu wanaowafundisha, kwani mara nyingi hutokea kwamba mwalimu na mwanafunzi wake hawapitani kwa zaidi ya miaka minne. Ninayoyaandika hapa yametokana na kuyaona mambo haya kwa karibu, wala si kutokana na chuki kwa idara yoyote.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wanafunzi wa uzamili wasifundishe uhandisi. Kinyume chake, naamini kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo wao huifanya vizuri kuliko hata maprofesa wao. Ninalolipinga ni mtindo wa kuwapa sehemu isiyo yao, kuwanyima ile iliyo yao, na kuwatwisha mzigo unaowazuia wasiwe wasomi ambao taifa linawangoja. Huo si uchumi. Ni sawa na mkulima aliyepungukiwa na chakula mwezi wa pili, akafungua ghala na kuanza kuila mbegu.

Tulifikaje hapa? Jibu ni refu, lakini hatua zake kuu zinajulikana. Mwaka 1990 vyuo vikuu vyetu vilipokea makundi mawili kwa pamoja: la mwisho la mfumo wa zamani wa kidato cha sita, na la kwanza la mfumo wa 8-4-4 lililokuwa limefanya mtihani wake wa kidato cha nne mwaka 1989. Kumbi zilizojengewa kundi moja zikabeba makundi mawili. Baadaye vyuo vyenyewe viliongezeka. Kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013 vyuo vingi vishiriki vilipewa hadhi kamili ya chuo kikuu, vikiwemo vile viwili vya ufundi vya Nairobi na Mombasa ambavyo zamani vilikuwa politekniki. Milango ilifunguliwa, nasi tukashangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini chuo hupandishwa hadhi kwa sahihi ya siku moja, ilhali daktari wa falsafa katika uhandisi hapatikani kwa sahihi. Huyo huchukua miaka, na fedha, na msimamizi mwenye nafasi ya kuisoma tasnifu yake.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na kijana wetu. Wengine huitwa wakufunzi wasaidizi, wengine hupewa nafasi ya mafunzo inayowataka wafundishe huku wakiandika tasnifu zao, na wengine hawana cheo chochote ila jina lao katika orodha ya wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa saa. Majina ni mengi lakini hali ni moja. Ni mtu mwenye miguu miwili katika mitumbwi miwili, na mto unapochafuka, mitumbwi huachana.

Hebu tuanze na kile wanachokiweza, kwa kuwa ndicho kisichosemwa.

Katika Kiswahili cha kila siku, neno nguvu hubeba mzigo mkubwa. Mtu ana nguvu, injini ina nguvu, dawa ina nguvu, umeme una nguvu, hata hoja huwa na nguvu. Mhandisi hawezi kuishi na neno moja hapo. Kwake yeye, kani ni kitu kimoja, hupimwa kwa nyutoni. Nishati ni kitu cha pili, hupimwa kwa jouli. Kasi ya kuitumia nishati hiyo ni kitu cha tatu, hupimwa kwa wati. Anayevichanganya vitatu hivyo atafanya hesabu ndefu, safi na isiyo na maana yoyote. Mfano mwingine: muuza nyama hupima uzito kwa kilo, na hakuna mteja anayelalamika. Lakini katika darasa la mekanika, kilo ni kipimo cha tungamo, na uzito ni kani, nayo hupimwa kwa nyutoni. Mathalan tena, hamali aliyesimama saa nzima na gunia la mahindi begani bila kusogea hatua moja, kwa hesabu ya fizikia hajalifanyia gunia hilo kazi yoyote. Mwambie hamali maneno hayo uone atakavyokujibu!

Vikwazo hivi havitokani na upungufu wa Kiswahili. Kila lugha ya binadamu, Kiingereza kikiwemo, ina maneno ya mtaani ambayo sayansi imeyachukua na kuyapa maana finyu. Wala si kwamba hatuna msamiati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hufika chuoni na maana za mtaani kichwani, na asipopatikana mtu wa kumwonyesha mahali maana hizo zinapoachana na maana za kitaalamu, atakariri fomula na kuitapika siku ya mtihani.

Ni nani anayekijua vizuri zaidi kisiki ambacho mwanafunzi atajikwaa? Si profesa aliyeifundisha mada hiyo kwa miaka thelathini. Huyo ameipita njia hiyo mara nyingi mno hata miguu yake inajiendea yenyewe. Ni yule aliyejikwaa miaka mitatu iliyopita, na ambaye kidole bado kinamuuma.

Nimepata kuketi nyuma ya darasa la binti mmoja wa uzamili, kwa idhini yake, nikitaka kuisikia lugha inayotumika humo. Alikuwa akifundisha momenti ya kani. Aliandika mlinganyo ubaoni, akaueleza kwa Kiingereza safi, na darasa likanyamaza kwa ule ukimya ambao kila mwalimu anaujua. Hakuurudia mlinganyo. Alimwita kijana mmoja, akamwambia ausukume mlango kwa kidole kimoja, karibu kabisa na bawaba. Mlango haukutikisika. Akamwambia ausukume penye kitasa. Ukafunguka. Akauliza kwa Kiswahili, "Kidole chako kimepata nguvu zaidi?" Kijana akajibu, "Hapana, madam." "Basi ni nini kilichoongezeka?" Darasa zima likajibu kwa pamoja: umbali! Hapo ndipo alipourudia ubao na kuandika maelezo yale yale kwa Kiingereza, kama mtihani utakavyoyataka.

Hilo lilimchukua dakika nne. Nililoliona hapo, kwa jicho la mwanaisimu, ni mtu aliyezitumia lugha mbili kwa kazi mbili tofauti: moja ya kuelewa, na nyingine ya kuandikia. Hakuna aliyemfundisha mbinu hiyo. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba ndivyo wenzake walivyokuwa wakielezana katika mabweni usiku wa kuamkia mtihani. Isitoshe, aliongeza kwa sauti ya chini kwamba huwa na wasiwasi mhadhiri mwandamizi asije akapita karibu na kumsikia akisema Kiswahili darasani. Fikiria, msomaji: mwalimu anafanya jambo bora kabisa katika kipindi chake, na analifanya kwa kuvizia kama mwizi.

Sasa tuutazame upande wa pili.

Kijana mwingine, naye hodari wa vitabu, alipewa somo la usanifu wa majengo ya zege kwa wanafunzi wa mwaka wa nne. Wanafunzi wake ndio walionisimulia kisa hiki, tena bila ya kumdhihaki, maana walimpenda. Mmoja wao, aliyetoka kufanya mafunzo ya nyanjani, alimwuliza: mchoro unataka nondo za kipenyo fulani, mkandarasi anasema hazipatikani sokoni na anataka kutumia nyingine, je, mhandisi afanye nini? Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba swali hilo halimo katika silabasi.

Alikuwa mkweli. Halimo. Lakini hilo ndilo swali ambalo mwanafunzi yule ataulizwa mwezi wake wa kwanza kazini, na jibu lake lina uhai wa watu ndani yake. Mhandisi aliyekaa katika maeneo ya ujenzi angelitumia nusu saa kulijibu: jinsi ya kulikokotoa upya eneo la chuma, jinsi nafasi kati ya nondo inavyobadilika, ni kwa nini uamuzi huo si wa fundi wala wa mwenye duka, na jinsi ya kumkatalia mkandarasi aliyemzidi umri na fedha. Elimu hiyo haimo vitabuni tu. Hupokewa kutoka kwa mtu aliyewahi kusimama mahali pale, na kijana wetu hajasimama. Kumlaumu ni kumwonea. Wa kulaumiwa ni mpango uliompa somo la mwaka wa nne ilhali ungeweza kumpa mazoezi ya mwaka wa kwanza.

Hoja yangu ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi, na ni hesabu tu. Tuseme darasa lina wanafunzi 150. Kila mmoja hufanya majaribio mawili na mtihani mmoja katika muhula. Hizo ni karatasi 450 za kusahihishwa. Akipewa masomo matatu ya ukubwa huo, ni karatasi 1,350, na hapo hatujahesabu saa za kufundisha, za kuandaa, wala za kuwasikiliza wanafunzi wanaobisha mlangoni. Je, tasnifu itaandikwa lini? Itaandikwa usiku, kisha mwishoni mwa juma, kisha likizoni, kisha haitaandikwa. Majaribio ya maabara hayamsubiri mtu amalize kusahihisha. Mashine ikipatikana leo na wewe uko darasani, wiki ijayo ina mwenyewe.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na wasiokuwa nayo wakapewa muda wa kuipata. Muda ule ulikwisha, na wengi hawakuwa wameipata. Walilaumiwa kwa uzembe. Nami nauliza: tulimfunga mtu miguu, tukamwamuru akimbie, kisha tukamcheka alipochelewa? Kwa kuwa wahadhiri wenye uzamifu ni wachache, tunawabebesha vijana masomo. Kwa kuwa tumewabebesha masomo, hawaumalizi uzamifu. Kwa kuwa hawaumalizi, wahadhiri wanabakia wachache, na mwaka ujao tunatafuta vijana wengine wa kubebesha. Huo ndio ulaji wa mbegu niliousema. Na mhandisi aliyechoka na mduara huu hana haja ya kubembelezwa. Kampuni za ujenzi, za umeme na za simu ziko tayari kumpokea, nazo hulipa mwisho wa mwezi.

Wako watakaosema kwamba jambo hili lipo duniani kote. Ni kweli, na ndiyo sababu inafaa tuone wenzetu wanavyolifanya. Wakenya wengi waliokwenda Marekani kusomea uzamifu wa uhandisi walijikimu kwa kazi hii hii. Huko mara nyingi mhadhiri mwenyewe hubakia na somo na kutoa mihadhara, naye mwanafunzi wa uzamifu huendesha vipindi vya mazoezi, husimamia maabara na kusahihisha. Kwa kawaida kazi yake huhesabiwa kuwa nusu ya muda, takriban saa 20 kwa juma, na badala yake huondolewa karo na kupewa posho ya kila mwezi. Vyuo vingi humpa mafunzo kabla ya kumfungulia mlango wa darasa.

Sisemi kwamba huko ni peponi. Wanafunzi wanaofundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison waliunda chama chao mwaka 1966, na mwaka 1970 wakagoma ndipo wakapata mkataba. Mwishoni mwa 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamifu, waligoma kwa takriban majuma sita kwa sababu posho zao hazikutosha hata kodi ya nyumba. Lakini tazama tofauti: wao waligombea masharti ya mkataba. Vijana wetu wengi hawana hata karatasi ya kuigombea.

Kuna somo jingine kutoka huko ambalo sisi wanaisimu hatulisahau. Katika miaka ya themanini, majimbo kadhaa ya Marekani yalitunga sheria za kuwapima Kiingereza cha kuzungumza walimu wa aina hii waliotoka ng'ambo, kwani wanafunzi walilalamika kwamba hawawaelewi. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alichapisha matokeo ya jaribio lililowashangaza wengi. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara mfupi uliorekodiwa kwa sauti ya Mmarekani mzaliwa. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, jingine picha ya mwanamke wa sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa ile ile, maneno yale yale. Hata hivyo, walioonyeshwa picha ya Mwasia walidai kuisikia lafudhi ya kigeni, na walipopimwa walikuwa wameelewa kidogo zaidi. Kumbe sikio husikia kile ambacho jicho limekwisha kukihukumu.

Kisa hicho kinatuhusu. Mkenya anayekwenda kufundisha huko atahukumiwa kabla hajafungua kinywa. Lakini hata hapa nyumbani, kijana wa miaka ishirini na minne, na hasa akiwa msichana katika kitivo kilichojaa wavulana, huingia darasani akiwa amekwisha kupewa alama. Akikosea hesabu moja, ni kwa sababu hajui. Profesa mwenye mvi akikosea ile ile, ni kwa sababu amechoka. Mwalimu kijana huhitaji chuo kisimame nyuma yake waziwazi. Mhadhiri mwandamizi anapomtambulisha siku ya kwanza mbele ya wanafunzi, na kuketi naye kipindi kimoja, huwa amempa kitu ambacho fedha haziwezi kununua.

Nazijua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba hakuna fedha. Hilo halihitaji ushahidi: mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa mwaka 2025 uliodumu majuma saba, na chanzo chake kilikuwa fedha zilizobakia bila kulipwa katika mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Ikiwa wenye chama na mawakili walisubiri hivyo, sembuse kijana anayelipwa kwa saa na asiyejua ofisi ya kuulizia? Lakini mengi ninayoyapendekeza hayahitaji fedha mpya. Yanahitaji kuipanga upya kazi iliyopo.

Hoja ya pili ni ile ya wazee: "Nasi tulifundishwa hivyo hivyo, na tumekuwa wahandisi." Hongera zao. Lakini waliosomea darasa la watu arobaini wasilipime kwa kipimo hicho darasa la mia na hamsini. Hoja ya tatu ni kwamba wanafunzi hufaulu. Bila shaka hufaulu. Mtihani umetungwa na kusahihishwa na yule yule aliyefundisha, naye anajua vyema ni nini alichokiruka.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwanafunzi wa uzamili asipewe somo zima peke yake. Apewe vipindi vya mazoezi, maabara na karakana, ambako ukaribu wake na wanafunzi ni hazina. Mhadhara, mtihani na alama ya mwisho vibakie kwa mwenye tajriba, hata ikibidi mhadhiri mmoja awahutubie wanafunzi mia tatu katika ukumbi mmoja huku vijana sita wakiwagawana wanafunzi hao kwa mazoezi. Chuo kitakuwa kimetumia watu wale wale, ila kila mmoja mahali pake.

Pili, pawe na kikomo cha saa za kufundisha kilichoandikwa na kuheshimiwa, na msimamizi wa tasnifu awe na mamlaka ya kukataa kikivukwa. Msimamizi ndiye anayejua ni sura gani ya tasnifu iliyokwama na kwa nini.

Tatu, pawe na mafunzo ya ualimu kabla ya muhula, japo ya majuma mawili. Mwalimu wa shule ya msingi hafundishi kabla ya kufunzwa kufundisha. Kwa nini chuo kikuu kidhani kwamba ualimu huja pamoja na shahada? Sisi wa idara za lugha na elimu tuko hapo hapo, hatua chache kutoka kitivo cha uhandisi, wala hatujawahi kukataa mwaliko. Na katika mafunzo hayo isemwe wazi kwamba kueleza kwa Kiswahili si hatia. Katiba ya 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mtihani ubakie kwa lugha yake, lakini mlango wa kuelewa usifungwe kwa sababu ya haya.

Nne, mhandisi kijana anayefundisha apewe nafasi, wakati wa likizo ndefu, ya kwenda kwenye ujenzi, kiwandani au kwenye mtambo wa umeme, na muda huo uhesabiwe katika tajriba anayohitaji kusajiliwa. Hapo Bodi ya Wahandisi na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambazo zimewahi kuvutana kuhusu ni nani mwenye kauli juu ya masomo ya uhandisi, zingepata jambo moja la kukubaliana kwa faida ya mtoto ambaye ni wa wote wawili.

Tano, apewe mkataba wa maandishi na alipwe kwa wakati. Hili sitalirefusha. Anayefanya kazi hulipwa, na mwalimu anayefikiria nauli ya jioni hawezi kuifikiria momenti ya kani.

Wakuu wa idara za uhandisi wanapanga ratiba zao kila muhula. Hawahitaji kusubiri Bunge, wala tume, wala mfadhili ili watekeleze hata nusu ya haya. Safari ijayo watakapofika kwenye somo lisilo na mwalimu, na kalamu ikawa inaelekea kuliandika jina la kijana wa uzamili, waisimamishe kidogo na wajiulize maswali mawili. Je, atakayeketi naye ni nani? Na tasnifu yake imefika sura ya ngapi? Wakikosa jibu, waandike jina jingine, au wamwandike mhadhiri mwandamizi juu na kijana chini yake. Shamba hili ni kubwa na mvua zake haziishi, lakini hakuna mvua inayootesha ghala tupu.